Mwacheni Mzee Alale

"Nauli yote hii kuja kuangalia kilima?"

Huyo ni mwenzangu wa safari. Tulikuwa Guangzhou kufuata mzigo, kontena likachelewa, nikamshawishi twende Xi'an. Sasa kasimama mbele ya kaburi la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, na bilauri ya juisi ya komamanga, kanuna kama mtu aliyenunua simu barabarani akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni.

Ni kilima kweli, kina mikomamanga, basi. Wale askari wa udongo, masanamu yaliyozikwa kumlinda, wako kama kilomita moja na nusu mashariki, na huko alipiga picha mpaka chaji ikaisha. Kaburi lenyewe wanaakiolojia hawajalifukua. Mfalme alikufa mwaka 210 kabla ya Kristo.

"Si wafungue tu! Mashine wanazo."

Hapo nikapandwa. Wale askari, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, walipakwa rangi: nyekundu, kijani, hata zambarau. Baada ya miaka zaidi ya 2,000 kwenye unyevu, hewa kavu ikiwagusa tu, ile laki, utomvu wa mti uliopakwa chini ya rangi, inajikunja na kubanduka kwa dakika chache. Dakika! Hata ugali haujaiva. Kama udongo mtupu umetushinda kuutunza, huko ndani kwenye hariri na mbao tutafanya nini? Tutaingia na tochi, tushangilie, tutoke na majivu. Na bado sijagusia zebaki, ile sumu: Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China, aliandika kwamba ndani kulitengenezwa mito yake, na udongo wa kilima ulipopimwa, zebaki ikakutwa imezidi. Atangulie yeye basi, na juisi yake.

Haya, hata mimi ningependa kuchungulia. Na yuan 120 tulizolipa kuingia si za kuokota.

Lakini kuna makaburi yaliyofukuliwa palepale. Karibu na kijiji cha Zhaobeihu walikutwa vibarua waliojenga yote haya, wamelazwa na vipande vya vigae vilivyochanjwa jina la mtu na kwao. Baadhi walikuwa wakilipa deni la serikali kwa jasho. Kigae kilichovunjika, ndilo jiwe la kaburi lake.

Huko mwenzangu hakuuliza kama kumefunguliwa.