Picha za Rubens mikononi mwa mfalme: hasara au faida?

Mchoraji Peter Paul Rubens alipofariki Antwerp, mji wa Flanders (sasa Ubelgiji), mwezi Mei 1640, aliacha nyumba yenye picha zaidi ya 300. Nyingi hazikuwa kazi yake: zilikuwamo za wachoraji wengine kama Titian, Van Dyck na Elsheimer. Warithi walichapisha orodha ya picha za kuuzwa, na Philip IV, mfalme wa Hispania, akachukua nyingi kati ya zilizo bora kupitia nduguye Ferdinand, aliyekuwa gavana wake huko Flanders.

Wanaosikitikia mauzo hayo wana hoja nzito. Nyumba ile ilikuwa darasa. Mwaka 1628 na 1629, akiwa Madrid, Rubens alinakili picha za Titian zilizomo katika kasri la mfalme, akarudi nazo nyumbani na kukaa nazo hadi kufa. Alikuwa ameshapita miaka 50, tena maarufu Ulaya nzima, na bado alikuwa anajifunza! Mfalme alipochagua alizozipenda, ushahidi huo ulitoka mahali pake.

Hata hivyo, lawama zote haziwezi kumwangukia mnunuzi. Rubens mwenyewe alikuwa ameshamuuzia Duke wa Buckingham, mkuu wa Uingereza, sehemu kubwa ya hazina yake. Wasia wake ulizuia kuuzwa kwa michoro ya kujifunzia tu, iwapo mwanawe mmoja angekuwa mchoraji au binti yake angeolewa na mchoraji. Hakutokea yeyote, ikauzwa mwaka 1657. Na mjane, Helena Fourment, alikuwa na watoto wadogo na mimba changa.

Kasri nalo halikuwa kinga kamili. Picha ya Judith ya Elsheimer, mojawapo ya zilizonunuliwa, ilitekwa katika vita vya Vitoria, Hispania, mwaka 1813, sasa iko London.

Kinachonifanya niegemee upande wa mfalme ni zile nakala. Alinunua nakala za picha ambazo tayari alikuwa na asili zake! Picha halisi ya Titian iitwayo Europa iliondoka Hispania karne ya 18, sasa iko Boston. Nakala ya Rubens imebaki Madrid. Adamu na Hawa wa Titian, na wale wa Rubens, wote wako Prado, jumba la makumbusho la Madrid, na mtazamaji anaweza kulinganisha mkono kwa mkono mahali Rubens alipofuata na alipokataa kufuata. Nakala ingebaki Antwerp, ulinganisho huo ungehitaji safari ya nchi mbili.