Maneno 45 kwa dakika

Nchini Kenya, mtoto wa darasa la pili huhesabiwa kuwa anasoma Kiswahili kwa ufasaha akifikisha maneno 45 kwa dakika. Kwa Kiingereza kipimo ni 65. Hakuna upendeleo hapo: neno kama "hawatatusomea" lina mzigo wa sentensi nzima, na mtoto lazima alipitie silabi moja moja.

Wanaotetea kuhesabu maneno wana hoja nzito. Mtoto anayejikokota hufika mwisho wa sentensi akiwa ameshasahau ilivyoanza, kwa hiyo kasi si pambo. Tena Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini, ulipoenea katika shule za umma mwaka 2015, maafisa wa elimu walizunguka madarasani na vishikwambi, wakawaketisha watoto wachache na kuwasikiliza wakisoma. Kasoro ikaonekana mapema, badala ya kungoja mtihani wa darasa la nane.

Lakini Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hapo ndipo kipimo hudanganya. Aliyemudu silabi zake atatiririka na kifungu chochote. Muulize, "Nani alitumwa sokoni?" anakukodolea macho. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kiturkana au Kiluo, na Kiswahili anakutana nacho shuleni.

Kusoma kwa pamoja nako kunalaumiwa kupita kiasi. Katika darasa la watoto 70, ndiyo njia ya kila mdomo kufunguka, na mwenye haya hujaribu bila kuchekwa. Tatizo ni kuishia hapo. Mwalimu anaposoma na darasa likaitikia, kuna anayetazama dirishani na bado hakosei hata neno, maana ameshika kwa masikio. Mwambie aanzie sentensi ya tatu, peke yake, kidole kikiwa kwenye neno. Utajua.

Kwa maoni yangu, saa ya kupimia kasi ibaki mkononi mwa afisa. Darasani, baada ya kuitikia pamoja, watoto wasome wawili wawili: mmoja asome, mwenzake afuatilie na kusahihisha, wabadilishane, warudie kifungu kilekile kesho yake, kisha waulizane maswali. Hili linahitaji kila mtoto awe na kitabu chake, jambo ambalo Tusome ililijali. Linahitaji pia mwalimu mkuu mvumilivu, kwa sababu jozi 35 zikisoma kwa wakati mmoja, anayepita nje atadhani darasa halina mwalimu.