Komponenti nyingi hazina haja ya kusikiliza skroli

Nikikagua msimbo wa React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa kwa vipande viitwavyo komponenti, nikakuta onScroll, yaani msimbo unaoitwa kila ukurasa unaposogezwa, kabla ya kutazama ilivyoandikwa huuliza: hii komponenti inataka kujua nini hasa? Mara nyingi inataka kichwa cha ukurasa kigande juu, au orodha iongezwe mtumiaji anapokaribia mwisho. Kazi zote mbili kivinjari kinaziweza, tena kuliko sisi. Ya kwanza ni mistari miwili ya CSS, lugha ya mitindo ya kurasa: position: sticky na top: 0. Ya pili ni IntersectionObserver, iliyoingia Chrome mwaka 2016 na Safari mwaka 2019: unaionyesha kipengele, nayo inakuita kikiingia au kikitoka kwenye eneo linaloonekana. Basi.

Ubishi wangu una hesabu nyuma yake. Skrini ya hezi 60 huchora fremu moja, yaani picha moja ya skrini, kila milisekunde 16.7, ya hezi 120 ina nusu ya muda huo. Humo humo kivinjari kikokotoe mitindo, kipange ukurasa, kichore, na JavaScript yako iwe imemaliza. Ukiweka setState, amri ya kubadilisha hali ya komponenti, ndani ya onScroll, React inaita upya komponenti na watoto wake fremu baada ya fremu, labda uwe umewakinga kwa memo, inayoiruka komponenti ambayo data yake haijabadilika. Kibaya zaidi ni kubadilisha mtindo halafu papo hapo kusoma getBoundingClientRect, inayotoa vipimo na mahali pa kipengele: kivinjari hakina budi kupanga ukurasa upya ndipo kikujibu. Kwenye laptopu ya kazini huoni kitu. Kwenye simu ya bei nafuu, ambayo kwa wengi huku kwetu ndiyo kompyuta pekee, ukurasa unakwamakwama.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 2011 tovuti ya Twitter ilikuwa nzito mno watu wakiteremka chini, na John Resig, aliyeanzisha maktaba ya JavaScript ya jQuery, akaeleza chanzo: kila skroli ilipotokea, msimbo ulitafuta vipengele upya ndani ya ukurasa. Alishauri tukio liweke alama tu, kisha kila milisekunde 250 ikaguliwe kama alama ipo. Kwa zama zile ulikuwa ushauri mzuri.

Leo wengi hufunika kazi yao kwa requestAnimationFrame, inayoahirisha kazi hadi fremu ijayo inapochorwa, wakiamini wamepunguza miito. Vivinjari vya sasa hutoa tukio la scroll mara moja tu kwa fremu, tena kabla ya miito hiyo, kwa hiyo hakuna kilichopungua. Na passive: true, ahadi kwa kivinjari kwamba msimbo wako hautazuia mwendo? Inabandikwa kwenye scroll kama hirizi. Tukio hilo halizuiliki kwa preventDefault, amri ya kukataza kivinjari kufanya kazi yake ya kawaida, basi kivinjari hakina cha kusubiri. Mahali pake ni touchmove na wheel, matukio ya kidole kwenye skrini na gurudumu la kipanya, ambazo zinaweza kuzuia mwendo.

Sikatai kwamba zipo kazi zinazolihitaji tukio lenyewe. Orodha ya maelfu ya safu, inayochora zile zinazoonekana tu, ni mojawapo. Hapo soma scrollTop, umbali ambao orodha imesogezwa, kokotoa namba ya safu ya kwanza, na uite setState pale tu namba hiyo inapobadilika. Na onScroll uiweke kwenye kipengele kinachosogea chenyewe: tangu React 17, ya mwaka 2020, tukio hili halipandi tena kwa wazazi, na div (kisanduku) ya nje itakaa kimya bila hata ujumbe wa kosa.