Nilivyoatamiwa na Mbuni

Wenzetu walipangiwa simba na chui. Mimi na jamaa mmoja wa darasani tukapewa mbuni. Tulikuwa fildi kwenye bustani ya wanyama, na kazi yenyewe nyepesi: mnakaa nje ya uzio, kila baada ya dakika 5 mnaandika mnyama anafanya nini. Anakula. Anatembea. Amesimama. Usingizi mtupu.

Siku hiyo dume akaanza vituko. Alinisogelea, akapiga magoti, akafungua mbawa na kuzipepea kwa zamu, kulia, kushoto, huku shingo ameitupa nyuma na kichwa kinagonga ubavu huu na ule. Shingo na miundi vimeiva wekundu. Nikaandika "kifafa", tena kwa wino, nikakimbia kumwita mzee anayewahudumia.

Mzee alitazama, akacheka mpaka akashikilia uzio. "Mwanangu, huyu haumwi. Anakutongoza."

Kumbe alilelewa na watu tangu kifaranga. Msimu wa kupandana ukifika, majike aliofungiwa nao hana habari nao kabisa, anachumbia binadamu. Kuanzia hapo jamaa akawa anamwita shemeji.

Saa 7 mchana mzee akaniomba tuingize chakula. Yeye alibeba tawi la mgunga lenye miiba, maana mbuni huogopa kitu kilichoinuka kuliko kichwa chake. Mimi nilibeba ndoo ya pumba, na ndoo haijawahi kumtisha mtu. Dume akaja, akapiga magoti, akacheza ngoma yake yote tangu mwanzo. Nikampita.

Mapenzi yakageuka vita. Mbuni hufikisha kilomita 70 kwa saa; mimi nilikuwa na gambuti za kuazima, saizi mbili zaidi. Nikakumbuka tulichofundishwa: teke lake huenda mbele na kushuka chini, kwa hiyo usishindane naye mbio, lala kifudifudi, funika shingo. Nikalala. Hatukufundishwa mbuni aliyekupenda atafanya nini ukishalala.

Alinikalia. Kilo zaidi ya 100, na uso wangu umezama kwenye pumba iliyomwagika. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akajikuna kifua, akatulia zake.

"Mzee!"

"Tulia, mwanangu. Yai halitikisiki."

Alisema hivyo huku anazunguka na tawi lake, bila haraka yoyote. Nje ya uzio nikasikia kalamu ya jamaa ikikwaruza karatasi. Dakika 5 zilikuwa zimetimia.

Fomu ilirudi na wino mwekundu wa mhadhiri pembeni ya neno "anaatamia": "Jike huatamia mchana, dume usiku. Hapa ilikuwaje?"

Jamaa akajibu chini yake kwa penseli: "Yai lilikuwa linapiga kelele."