Kabla ya kuilaumu LTO, funga majina yako

Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Bukavu, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, ingawa hatuna undugu, alinitumia maktaba shirikishi (faili la msimbo ambalo programu hulipakia na kuita fanksheni zake) aliyoiandika kwa C++ kwa ajili ya programu ya simu inayotunza hesabu za likelemba, yaani upatu, ya mama wauzaji wa soko la Kadutu. Ujumbe wake, kuhusu LTO (link-time optimization, uboreshaji wa programu nzima wakati vipande vyake vinapounganishwa), ulikuwa mfupi: «Yaya, niliwasha LTO lakini faili halikupungua. Haina faida.» Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara LTO ilikuwa imefungwa mikono na aliyeiwasha.

Nilifungua faili lake kwa nm -D, amri inayoorodhesha majina ambayo maktaba huyaonyesha nje. Programu ya simu huita fanksheni tatu tu, lakini maktaba ilitangaza mamia ya majina: ya kupanga tarehe, ya kugawanya faranga, hata ya majaribio ambayo mwenyewe alikwisha kuyasahau.

Uboreshaji wa programu nzima huanzia kwenye mizizi, yaani majina ambayo mtu wa nje anaweza kuyaita, kisha hufuata kila wito hadi mwisho wake, na kisichofikiwa hufutwa. Katika maktaba ya ELF, muundo wa mafaili ya programu kwenye Linux na Android, kila fanksheni isiyo static (isiyofungiwa ndani ya faili lake la msimbo) huonekana nje usipoagiza vinginevyo. Kwa hiyo kila moja ni mzizi, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, haina ruhusa ya kuifuta. Umeiamuru itunze vyote, nayo imetii. Kompaila ya GCC huenda mbali zaidi: ikijenga kwa -fPIC, chaguo la kujengea maktaba shirikishi, hukataa hata kuingiza mwili wa fanksheni ya namna hiyo ndani ya ile inayoiita, kwa sababu ELF huruhusu maktaba nyingine kuleta jina lilelile na kushika nafasi yake programu inapopakiwa. Python 3.10 ilipoongeza -fno-semantic-interposition, chaguo linaloiambia kompaila isijali ubadilishaji huo, nyaraka zake zilieleza kwamba Python iliyojengwa na GCC kama maktaba shirikishi iliongeza kasi hadi asilimia 30. Hakuna aliyebadilisha hesabu zenyewe. Kompaila iliachwa tu ifanye kazi yake.

Chaguo la -fvisibility=hidden, linaloficha kila jina ambalo hukuagiza lionekane nje, lipo tangu GCC 4.0 ya mwaka 2005. Kwa nini bado tunawafundisha vijana -O2 (chaguo la kawaida la uboreshaji) na LTO bila kuwatajia hili? Mama wa Kadutu hununua mega kwa faranga zilezile anazozitoa kwenye likelemba, na kila fanksheni iliyosahauliwa huipakua kwa pesa yake, tena katika kila toleo jipya.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba uwazi wa ELF una matumizi: LD_PRELOAD, njia ya kupakia maktaba yako kabla ya nyingine, ilinisaidia kubadilisha malloc, fanksheni inayogawa kumbukumbu, nilipotafuta kumbukumbu inayovuja. LTO kamili nayo hula kumbukumbu nyingi kwenye kompyuta zetu ndogo. Ndiyo maana napendelea ThinLTO, aina nyepesi ya LTO.

Nilimjibu aongeze -fvisibility=hidden bila kugusa zile fanksheni tatu, kwa kuwa JNIEXPORT, alama ya fanksheni zinazoitwa kutoka Java, huziacha wazi, kisha ajenge upya. Usiku umeme uliporudi alinitumia orodha: majina yake matatu, pamoja na ya maktaba ya C++ aliyoiunganisha ndani, ambayo Jumamosi tutayafunga kwa --exclude-libs, chaguo linaloficha majina ya maktaba zilizounganishwa ndani.