Muda wa kupanda mlima kwa baiskeli uandikwe pamoja na upepo wake

Aprili 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2:03:02. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumaliza marathoni upesi hivyo, lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Njia ya Boston inateremka na inaelekea upande mmoja, na siku hiyo upepo uliwasukuma mgongoni. Iliniuma, ila nilielewa. Miaka kumi baadaye Mkenya mwingine, Ferdinand Omanyala, alipokata mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, nilitafuta kwanza kipimo cha upepo: mita 1.2 kwa sekunde. Upepo wa mgongoni ukizidi 2.0, rekodi haihesabiwi. Hapo ndipo niliposhangilia kwa moyo wote.

Sasa njoo kwenye baiskeli. Mtu akipanda mlima wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kwa muda ambao haujawahi kuonekana, kabla hajashuka kwenye baiskeli watu wameshapiga hesabu za wati zake kwa kila kilo ya mwili. Nusu wanamtawaza, nusu wanamtuhumu kutumia pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu. Hesabu inayopendwa sana huchukua kimo alichopanda kwa saa na mwinuko wa barabara, basi. Upepo haumo kabisa.

Wengi hudhani mlimani upepo si kitu kwa kuwa mwendo ni mdogo. Hilo ni kweli kwa mimi na wewe. Hawa wenzetu hupanda mwinuko wa asilimia 8 kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Nimekaa na kalamu: mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli na vitu vyake kilo 8, nguvu wati 395, katika kilomita 13.8 za mlima wa Alpe d'Huez, Ufaransa. Hewa ikitulia atafika kwa dakika 38 na ushei. Mpe upepo wa mita 3 kwa sekunde mgongoni njia nzima, atafika kwa karibu dakika 36. Ugeuze umpige usoni, atakaribia 42. Ni miguu ileile na mapafu yaleyale. Angalia pia kwamba upepo wa mbele unaiba zaidi ya unachokupa ule wa nyuma. Kwa hiyo anayesema kona 21 za Alpe d'Huez zinafuta upepo kwa kuwa barabara inageuka huku na huku, kama jahazi linalokwenda mbisho, amepatia nusu tu. Hasara ya upande mmoja hairudi yote upande wa pili.

Mwenyewe nilionja haya kwenye vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Wiki moja nilipanda mara mbili kuelekea kwenye mitambo ya umeme wa upepo, moyo ukipiga sawasawa siku zote mbili. Mara ya pili nyasi zilikuwa zimelala chini, koti linapigapiga mbavuni, nami nimeinamia usukani kwenye gia nyepesi ya mwisho. Nilichelewa dakika nne, na sikuwa nimedhoofika kwa siku tatu.

Mlima unaonionyesha hili vizuri kuliko yote ni Mont Ventoux, Ufaransa. Kutoka Bédoin unapanda ndani ya msitu, miti imekukinga, mpaka Chalet Reynard. Kuanzia hapo kilomita 6 za mwisho ni mawe meupe matupu, na upepo wa mistral hauna wa kuuzuia. Julai 2016 ulivuma vibaya hadi waandaaji wakakata sehemu hiyo, wakamalizia Chalet Reynard. Mashabiki waliokuwa watawanyike mpaka kileleni wakabanana chini, pikipiki ikakwama katikati yao, na mwendeshaji Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akaonekana akikimbia kwa miguu baada ya baiskeli yake kuvunjika.

Mwaka 2004 mwendeshaji Mhispania Iban Mayo alipanda Ventoux kwa dakika 55 na sekunde 51. Julai 2025 Tadej Pogačar wa Slovenia akatumia chini ya dakika 55. Mayo alikuwa kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa: hakuna mgongo wa kujificha nyuma yake, kila pumzi ya hewa ameikata mwenyewe. Pogačar alikuwa na wenzake wa timu wa kumkatia upepo kwa sehemu ya njia, na mpinzani wake Jonas Vingegaard alikuwepo. Simnyang'anyi Pogačar kitu, ni mpandaji wa ajabu. Ila namba hizo mbili ukiziweka bega kwa bega bila maelezo, humtendei haki yeyote kati yao.

Ninachotaka si kikubwa. Utabiri wa hali ya hewa hautoshi, maana unazungumzia upepo wa mita 10 juu ya ardhi, na kichwa cha mwendeshaji hakifiki hata mita 2. Waandaaji waweke vipima upepo vitatu au vinne kando ya barabara, kwa kimo cha mpandaji: chini, katikati, palipo wazi, na kileleni. Kisha watangaze nguvu ya upepo na unakotoka, jioni ileile, kwenye karatasi ileile ya matokeo. Riadha wanafanya hivyo hata kwa mbio za sekunde kumi.