Mashine Nzito? Acha Kwanza Kupiga Window

"Tunapiga Window 11 kompyuta aina zote, unasubiri unaondoka nayo." Vibao vya namna hii havikosekani mlangoni kwa mafundi siku hizi, na karibu kila neno lililoandikwa pale lina kasoro. "Aina zote" si kweli. "Unasubiri" ndiyo hatari zaidi, maana muda wa kusubiri dukani hautoshi hata kuhamisha picha za harusi kutoka kwenye diski inayokata roho, sembuse kuipima.

Ugonjwa wenyewe, wa kupiga window (kufuta diski na kuweka Windows upya) kwa kila tatizo, ni wa zamani. Kompyuta inachelewa kuwaka: piga window. Inajizima: piga window. Haitoi sauti: piga window. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga: piga window, halafu tutaona. Kilichobadilika ni kwamba sasa fundi amepata kisingizio chenye tarehe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mteja anaambiwa "window yako imeisha muda" kana kwamba ni maziwa ya pakiti. Inawaka, inafungua Excel, inachapa. Kinachokosekana ni viraka vya usalama vya kila mwezi. Hilo ni zito kwa anayeingia benki kwa kompyuta hiyo, lakini si sababu ya kumfutia mtu diski nzima Jumamosi jioni. Na kwa taarifa, ukiwa na toleo la 22H2 la Windows 10 na akaunti ya Microsoft, viraka vya ziada vinapatikana hadi 13 Oktoba 2026. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, katika nchi nyingi hulipi kitu. Mlango wake uko palepale kwenye Windows Update. Fundi wa kibao hataji, hana anachopata.

Tuje kwenye diski, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Mashine "nzito" mara nyingi ina diski ya kuzunguka (HDD), na tatizo ni diski hiyohiyo, si Windows. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bofya Disk. Ukiona imeng'ang'ania asilimia 100 huku inasoma na kuandika chini ya megabaiti 2 kwa sekunde, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inamudu maombi ya hapa na pale yasiyozidi 100 hivi kwa sekunde. Windows ya leo ikiwaka tu, na masasisho yake, na antivirusi yake, inaomba zaidi ya hapo. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hata ya bei ya chini kabisa inamudu maelfu kwa maelfu. Hakuna window utakayoipiga ikabadilisha hesabu hiyo.

Hapo ni diski yenye afya, ya polepole tu. Iliyoharibika ni habari nyingine. CrystalDiskInfo ni programu ya bure na inasoma ripoti ambayo diski inajiandikia yenyewe. Angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. 05 ni sekta (vijisehemu vya diski vinavyotunza data) zilizokwisha kufa na kuhamishiwa kwenye akiba. C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, yaani diski imejaribu kuzisoma ikashindwa. C6 ni zile ambazo imeshazikatia tamaa. Usikimbilie safu inayosema afya ni nzuri; soma safu ya namba ghafi, ambayo kwa kawaida huonyeshwa kwa mtindo wa heksa, kwa hiyo 10 unayoiona pale ni 16. C5 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka kila ukiwasha, hiyo diski inaaga. Ila ukiona C7 peke yake ndiyo imepanda, usilaumu diski, badilisha kebo ya SATA kwanza. Kebo! Kuna watu wameuziwa diski mpya kwa ajili ya kebo.

Sasa sikiliza kwa nini kupiga window huonekana kama kumesaidia. Fomati ya haraka haigusi sekta, inafuta daftari la majina tu. Windows mpya inaandikwa sehemu nyingine ya diski, ile mibovu inabaki pembeni, na mashine inakuwa nyepesi wiki mbili, tatu. Fundi anasifiwa. Kisha faili zinajaa, zinafika kwenye zile sekta, uzito unarudi, na mteja anaambiwa ana virusi. Anapigwa window tena! Wakati huo nyaraka zake, ambazo mara ya kwanza zingenakiliwa kwa saa mbili, hazisomeki.

Na kuna dhambi nyingine inayofanywa kwa nia njema: kuendesha chkdsk /r kwenye diski inayokufa. Amri hiyo inasoma diski yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, sekta kwa sekta, ikirudiarudia zilizogoma. Ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani ili upime mapigo yake. Kwanza hamisha nyaraka, ukianza na zile zisizo na nakala popote. Kupima na kurekebisha baadaye.

Ukinunua SSD, fungua mashine uone nafasi iliyopo kabla hujaenda dukani. Kuna ya inchi 2.5 inayokaa pale pale ilipokuwa diski ya zamani. Kuna M.2, na M.2 nayo ni mbili, ya SATA na ya NVMe; zinafanana kama mapacha na nafasi ya moja si lazima iielewe nyingine. Gigabaiti 256 zinatosha kwa kazi za ofisi. RAM ifike 8, kwa sababu zile 4 zinazotajwa kwenye masharti ya Windows 11 ni za kuwaka, si za kufanyia kazi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kupandisha Windows 11, na hapa "aina zote" inaumbuka. Masharti rasmi yanataka TPM 2.0 (moduli ya usalama), UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) yenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), hifadhi ya gigabaiti 64, na prosesa iliyo kwenye orodha, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Muuzaji wa mtumba atakuambia "hii ni Core i5" na kunyamaza. i5 ipi? Soma tarakimu zinazofuata: i5-7200U ni kizazi cha 7, imekosa. i5-8250U ni cha 8, imo. Tarakimu moja tu.

Mashine nyingi zilizomo zinaambiwa "haifai" kwa sababu TPM imezimwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc uone. Kama haipo, ingia BIOS (mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka), kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD tafuta fTPM, washa. Lakini kabla ya kugusa chochote humo, hakikisha una ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, wenye tarakimu 48, au usitishe BitLocker kwa muda. Wengi hawajui kama imewashwa, hadi siku skrini ya buluu inapouomba huo ufunguo.

Na kama diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, badala ya GPT ambao UEFI inautaka, huhitaji kufuta. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Ndipo uzime, uingie BIOS, ubadilishe Legacy (mtindo wa zamani wa kuwaka) kuwa UEFI. Ukibadilisha BIOS kabla ya diski, mashine haitawaka, na utaona mtu anaanza kutafuta fleshi. Rudisha Legacy, maliza hatua ya kwanza, basi.

Ukipandisha juu ya Windows 10 iliyopo, nyaraka na programu zinabaki, na una siku 10 za kurudi nyuma usipoipenda. Leseni nayo inabaki, imefungwa na madabodi yako. Laptop nyingi zilizotoka na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo ndani ya BIOS kabisa. Kinachotokea ni fundi kuweka Pro kwenye mashine yenye leseni ya Home, Windows inadai leseni, naye anashusha kile kiprogramu cha kuamsha Windows bila leseni, kinachokuomba uzime antivirusi kwanza. Kinakuomba uzime antivirusi. Kwanza.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna mahali kupiga window ndiyo dawa. Kompyuta ya mtumba usiyojua imetoka mikononi mwa nani, ifute yote. Iliyoingiliwa na virusi kweli, vivyo hivyo. Na ndiyo, programu ya Rufus hutengeneza fleshi ya gigabaiti 8 inayoruka masharti ya TPM na mashine ya kizazi cha 6 ikawaka vizuri tu. Ila toleo kubwa la mwaka unaofuata utalipandisha kwa mkono, Microsoft hailidhamini. Mashine za prosesa za zamani za Core 2 Duo usijisumbue nazo: kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11 prosesa inatakiwa iwe na amri za SSE4.2, na hizo hakuna ujanja wa kuziruka. Mpe Linux Mint, mfumo wa bure usio Windows, na RAM 4, itakushukuru.

Isiyowaka picha kabisa, ikilia bipu bipu tu, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha kipande kimoja kimoja. Umeme uwe umechomolewa, na uguse chuma cha kasha kwanza.

Kisa kinachoudhi kuliko vyote ni cha kibetri cha kwenye madabodi kinachotunza saa. Kompyuta ya mezani kila asubuhi inaonyesha mwaka uliopita zamani, kivinjari kinagoma kila tovuti kikisema muunganisho si salama, WhatsApp ya kompyuta haifunguki. "Virusi." Window inapigwa, saa inarekebishwa, siku hiyo kila kitu kinafanya kazi. Usiku swichi ya ukutani inazimwa, asubuhi tumerudi palepale. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayodhani ni 2015 inaviona bado havijazaliwa. Dawa ni CR2032, kibetri bapa cha volti 3, kile kile cha rimoti nyingi za magari. Piga picha kurasa za BIOS kwa simu kabla hujakichomoa, hasa ile ya SATA kama ni AHCI au RAID, kwa sababu baadhi ya madabodi husahau kila kitu, na mpangilio huo ukigeuka Windows haitawaka na mtu atakushauri unajua nini. Kisha weka kipya, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu, rudisha mipangilio kama ilivyo kwenye picha, weka tarehe.